Mashine tano, mistari minane: kipi uunganishe, kipi ukiache

Swali la msomaji:

"Jambo Mukubwa. Nina chumba cha mafunzo ya kompyuta hapa Kadutu, Bukavu. Kompyuta zangu tano zinafanyia kazi miradi ya sayansi ya Einstein@Home na Rosetta@home kupitia BOINC, ile programu inayogawia kompyuta za watu hesabu za watafiti, usiku na saa ambazo wanafunzi hawapo. Mwezi uliopita nilizifanyia matengenezo. Tatu ziliwekewa SSD, zile diski za kasi, na kuongezewa RAM. Fundi alitengeneza SSD moja akainakili kwenye nyingine mbili. Ya nne ilibadilishiwa ubao mama na prosesa, diski ikabaki ileile. Ya tano ilikataa Windows 11, nikafuta kila kitu nikaweka Linux. Sasa akaunti yangu ya Einstein, kwenye orodha ya kompyuta zangu, inaonyesha mistari minane, mitatu ina jina moja la SALLE-1, na kuna kazi zimeandikwa kwamba zinaendelea ambazo sizioni kwenye mashine yoyote. Je, pointi zangu zimepotea? Nifute ya zamani, niunganishe, au nifungue akaunti mpya? Halafu nataka kuongeza kadi ya grafiki kwenye ile ya nne. Itasaidia?"

Jibu:

Jambo sana, ndugu yangu wa Kadutu. Akaunti mpya hapana, usiifungue. Pointi zako zote zipo. Kila kazi inapokubaliwa, seva ya mradi huandika pointi zake mahali pawili kwa wakati mmoja: kwenye mashine iliyoifanya na kwenye akaunti yako. Mstari wa mashine unaweza kulala, kuunganishwa au kufutwa, jumla ya akaunti haiguswi. Kinachoshuka kwenye mistari ya zamani ni ule wastani wa siku za karibuni, ambao hupungua nusu kila wiki mashine isipoleta kitu. Ukiuona unateremka kuelekea sifuri, hakuna aliyekuibia.

Tuje kwenye chanzo cha mistari minane. BOINC haikujui kwa sanduku la chuma lililo mezani. Siku mashine inapojitambulisha kwa mradi mara ya kwanza, seva huipa namba, na namba hiyo huandikwa kwenye faili iitwayo client_state.xml ndani ya folda ya data ya BOINC. Kwenye Windows folda hiyo ni C:\ProgramData\BOINC, nayo imefichwa, ndiyo maana mafundi wengi hawajui kwamba ipo. Kwenye Ubuntu na Debian ni /var/lib/boinc-client. Chukulia kadi ya mpiga kura iliyo mfukoni mwa koti: ukimvalisha mtu mwingine koti hilo, polisi akisoma kadi atamwita kwa jina lako. Kwa hiyo kwa kila mashine uliyotengeneza, uliza swali moja tu: ile folda ilikwenda wapi?

Ya nne ndiyo rahisi. Ubao mama mpya, prosesa mpya, diski ileile, basi folda ileile na namba ileile. Ilipowasiliana na seva, mstari wake ulibadilisha jina la prosesa na idadi ya kori, yaani vitengo vya kukokotoa vilivyo ndani ya prosesa, basi. Hapo huna cha kuunganisha. Ifanyie tu kipimo cha kasi kwa mkono, kipo kwenye menyu ya Tools ya BOINC Manager, lile dirisha la kuiendesha BOINC, ukiwa kwenye mwonekano wa Advanced. BOINC hukirudia yenyewe kila baada ya siku tano, lakini mbona usubiri. Usishangae pia kama kazi za mwanzo zinakadiriwa saa nyingi halafu zinaisha mapema: seva bado inakumbuka mwendo wa prosesa ya zamani, itajirekebisha kadiri kazi zinavyorudi.

Ya tano nayo ni wazi. Ulifuta diski, folda ikaenda nayo, Linux ikaomba namba kama mgeni. Wengi wamepita njia hiyo tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa sababu kompyuta nyingi tunazonunua zimeshatumika na hazikidhi masharti ya Windows 11. Mstari wa Windows na mstari wa Linux hutaweza kuiunganisha hata ukijaribu vipi. Seva hukagua mambo matatu kabla ya kukubali: mfumo endeshi uwe wa familia moja, prosesa ziwe zinalingana pamoja na idadi ya kori, na maisha ya rekodi hizo mbili yasiingiliane, yaani ya zamani iwe imewasiliana mara ya mwisho kabla mpya haijazaliwa. Ya tano imeanguka kwenye sharti la kwanza. Iache ile ya Windows ilale.

Shida yenyewe iko kwa zile tatu, na hapo fundi wako alifanya kitu ambacho vyumba vingi vya mafunzo na saiba hufanya bila kufikiria BOINC. Alinakili diski nzima, na ndani ya diski mlikuwa na folda, na ndani ya folda mlikuwa na namba ya SALLE-1. Asubuhi hiyo mashine tatu ziliamka kila moja ikiamini kuwa ndiyo SALLE-1, kwa jina na kwa namba.

Seva haidanganyiki muda mrefu. Kila mashine inapowasiliana hutaja pia mawasiliano hayo ni ya ngapi, na hesabu hiyo hupanda moja moja. Mashine moja ikishafika mbele, nyingine ikaja na namba ileile huku hesabu yake iko nyuma, seva huelewa kwamba faili imenakiliwa na humpa aliyechelewa namba mpya. Ndiyo maana una SALLE-1 tatu: moja imeshika namba ya zamani, mbili zimezaliwa siku ile. SALLE-2 na SALLE-3 za zamani zimebaki kwenye orodha bila mwenyewe, kwa kuwa folda zao ziko kwenye diski mlizozitoa. Hesabu inatimia: SALLE-1 tatu, SALLE-2 moja, SALLE-3 moja, SALLE-4 moja, SALLE-5 mbili. Minane.

Sasa, kabla hujagusa kitufe chochote kwenye ukurasa wa akaunti, nenda kwenye mashine zenyewe. Fungua BOINC Manager kwenye kila moja ya zile tatu, ingia sehemu ya Projects, chagua Einstein, bonyeza Properties. Utaona mstari wa Computer ID. Andika namba hiyo kwenye karatasi pamoja na mahali mashine ilipo: ya dirishani, ya katikati, ya karibu na mlango. Usiamini jina, maana majina yamefanana. Usiamini pia kwamba ya kwanza mezani ndiyo iliyobaki na namba ya kwanza. Aliyeshinda ni yule aliyetangulia kwa hesabu, na huenda ndiye uliyekuwa unamwita SALLE-3.

Ukishajua nani ni nani, badilisha majina ndani ya Windows, kila mashine irudi kwenye jina lake la zamani, izime uiwashe, halafu bonyeza Update kwenye mradi ili seva isikie jina jipya. Hatua hii wengi huiruka kwa haraka, na mimi ndiyo naisisitiza kuliko zote, kwa sababu kwenye orodha ya mashine kuna njia ya mkato ya kuunganisha kwa jina. Kitufe hicho hakiulizi maswali mengi. Kinachukua mistari yote yenye jina moja na kuipanga pamoja pale masharti yanaporuhusu, na sharti la maisha kuingiliana halikaguliwi kama mmoja wa mistari bado hauna pointi wala kazi. Kwako hiyo inamaanisha mashine mbili hai zinaweza kuingizwa kwenye mstari mmoja. Na kuunganisha hakurudi nyuma, hakuna kitufe cha kutengua.

Baada ya majina kukaa sawa, fungua ukurasa wa mashine moja moja kwa Details, shuka mpaka pale panapoandikwa Merge, uone seva inakupa chaguo zipi. Kama mashine iliyokuwa SALLE-2 ilipata namba mpya, na prosesa yake haikuguswa, mstari wake mpya na ule wa zamani wa SALLE-2 utakubali: Windows kwa Windows, prosesa ileile, na wa zamani ulinyamaza kabla mpya haujaja. RAM na SSD haziangaliwi kabisa. Mstari mpya ndio unaobaki, unarithi pointi na kazi za wa zamani. Namba ya zamani huwekwa kando ikielekeza kwenye mpya, hata mashine ikiita kwa namba ile ya zamani seva inaipeleka mahali pake. Kama moja ya zile tatu imeshika namba ya SALLE-1 ilhali kwa mwili ni SALLE-3, iache hivyo. Itabeba historia ambayo si yake, na hiyo haimdhuru mtu.

Rudia zoezi hilo kwenye Rosetta. Seva ya Einstein na seva ya Rosetta, ile ya Chuo Kikuu cha Washington, hazisemezani. Mashine moja ina namba tofauti kwa kila mradi. Zile tovuti za takwimu zinazojumlisha miradi yote huchukua data yao kwa vipindi, kwa hiyo usipoona mabadiliko hapohapo usianze kubonyeza upya.

Zile kazi ambazo huzioni popote ndizo ningezianza kama ningekuwa wewe, maana zinamgusa mtu mwingine. Einstein kwa kawaida hutuma kazi moja kwa mashine mbili za watu wasiojuana, kisha hulinganisha majibu. Kazi zilizokwama kwenye diski za zamani za SALLE-2 na SALLE-3 zina mwenza mahali fulani duniani ambaye amemaliza sehemu yake na pointi zake zinasubiri jibu lako. Muda ukiisha, na kwa Einstein muda wa kawaida ni siku 14, seva huandika kwamba hukujibu na kumtumia mtu wa tatu. Hakuna adhabu ya maana kwako. Umesema matengenezo yalikuwa mwezi uliopita, kwa hiyo nyingi ya hizo pengine zimeshapita muda, na zilizobaki zitajifunga zenyewe.

Mtu mwingine atakushauri uchomeke diski ya zamani, uiwashe, ipeleke kazi zake. Ni ushauri mzuri kwa aliyetengeneza mashine juzi. Lakini angalia kinachofuata: diski ya zamani ikiwasiliana na seva leo, hata mara moja, rekodi ya zamani inakuwa imeishi baada ya mpya kuzaliwa. Maisha yameingiliana, na seva itakataa kuziunganisha. Hapo inabidi uchague moja. Kama muda wa kazi haujaisha, mimi ningepeleka kazi na kusahau kuunganisha. Kama umeisha, diski ibaki kwenye droo.

Na usiiuze diski hiyo, wala usimpe mtu, kabla hujaifuta. Ndani ya ile folda mna ufunguo wa akaunti yako. Mnunuzi akiiwasha kama ilivyo, mashine yake itakufanyia kazi wewe bila yeye kujua, na utaona mstari mwingine wenye prosesa ya ajabu.

Kuhusu kufuta mistari: seva inaruhusu tu kwa mashine isiyo na kazi yoyote iliyobaki kwenye hifadhidata. Kitufe cha kufuta hakitaonekana mpaka kazi za zamani zisafishwe huko, na hiyo si siku moja. Kwa maoni yangu usihangaike. SALLE-5 ya Windows ilifanya kazi halali, mstari wake ni kumbukumbu, haikuzuii chochote, na orodha inaweza kuonyesha zile tu zilizo hai kwa sasa.

Kumbukumbu hizo zina thamani yake pia. Mwezi wa nane mwaka 2010 Einstein@Home ilitangaza nyota yake ya kwanza ya aina ya pulsa, yaani nyota inayozunguka kwa kasi huku ikituma mawimbi ya redio, PSR J2007+2722, iliyokuwa imejificha ndani ya data ya darubini ya Arecibo. Wanasayansi waliweza kusema kwamba ilionekana kwenye kompyuta za watu wa kawaida, moja Iowa, Marekani, na nyingine Mainz, Ujerumani, kwa sababu seva ilikuwa imeandika kila jibu limetoka akaunti ipi na mashine ipi. Chumba cha Kadutu kikipata bahati ya namna hiyo, heri mstari uwe unasema SALLE-2 na iwe kweli ni SALLE-2.

Kuna jambo hukuliuliza ambalo litakugharimu mega. Kwenye akaunti, mapendeleo yana makundi manne: la kawaida, nyumbani, kazini na shuleni. Kama mashine zako ulikuwa umeziweka kwenye la shuleni, lenye saa za usiku na kikomo cha mtandao, mashine yoyote iliyozaliwa upya inaangukia kundi la kawaida, na la kawaida halijui kwamba una wanafunzi saa nne asubuhi. Zile zilizonakiliwa huenda zimebeba mapendeleo yaliyowekwa ndani ya mashine yenyewe, ambayo hushinda ya mtandaoni. SALLE-5 ya Linux haina kitu. Ikague leo. Weka saa za kupakua, weka kikomo cha mega kwa siku, na akiba ya kazi isizidi siku moja. Najua kishawishi cha kujaza kazi nyingi kwa kuogopa mtandao kupotea, lakini umeme ukikatika siku mbili hutazimaliza, na tunarudi palepale kwa yule mwenza anayesubiri.

RAM mpya nayo ina kikomo chake: BOINC kwa kawaida hutumia nusu tu wakati mtu yuko kwenye mashine, asilimia 90 mashine ikiwa haina mtu. Ukiona kazi imeandikwa kwamba inasubiri kumbukumbu, yaani RAM, huku umeiongeza, tatizo ni hapo. Kwa SALLE-4 yenye kori nyingi kuliko mwanzo, angalia kama RAM imepanda pamoja na kori. Kori nane zenye RAM ya kori mbili zitakaa zinaangaliana.

Safari ijayo, siku tatu nne kabla fundi hajaja, bonyeza No new tasks kwenye miradi yote miwili, acha zilizopo ziishe, kisha Update ili majibu yapelekwe na kupokelewa. Mashine inayohamia SSD yake yenyewe inaweza kubeba folda nzima: zima BOINC kwanza, nakili, washa upande mmoja tu, na hutaona mstari mpya. Diski itakayonakiliwa kwa mashine nyingi iwe haina BOINC kabisa. Isakinishe baada ya kunakili na baada ya kubadilisha jina, mashine moja moja. Ni nusu saa ya ziada.

Kadi ya grafiki: ndiyo, inasaidia sana, kwa Einstein. Rosetta haina kazi za kadi hizo, kwa hiyo usitegemee mabadiliko upande huo. Kabla hujalipa, fungua ukurasa wa programu za Einstein uone aina za kadi wanazozikubali, kisha angalia pawasaplai ya SALLE-4 inabeba wati ngapi, maana kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika huja na pawasaplai ndogo isiyo hata na waya wa kadi. UPS na stabilaiza navyo vipigiwe hesabu upya, kadi inayokokotoa usiku kucha inakula kuliko kompyuta yote iliyobaki. Ukishaiweka na kusakinisha draiva zake, tazama mistari ya mwanzo ya Event Log, daftari la matukio la BOINC: kadi itatajwa kwa jina, au utasoma kwamba hakuna kadi inayofaa. Ukipata jibu la pili huku draiva ziko sawa, chunguza kama BOINC ilisakinishwa kama huduma ya Windows, kwa sababu kwa njia hiyo haiwezi kuifikia kadi. Iondoe uisakinishe tena bila chaguo hilo, folda ya data itabaki na namba yako haitabadilika. Na kama utaacha kadi ya zamani ndani pamoja na mpya, BOINC itachagua iliyo bora peke yake mpaka uandike use_all_gpus, yaani tumia kadi zote, kwenye faili la mipangilio la cc_config.xml. Kwa umeme wetu, mimi ningeiacha ichague.